Kashindano Kati ya A na R

Juma tatu, 8/9/2025

Donc nilifika wapi? Ah ndiyo — ku mulango. Donc ile mwanamuke akasimama ku mulango ya parcelle yetu, bonjour bonjour, mukono moja ndani ya sac, na mimi vidole yote mu pondu, majani ya muhogo. Jana nilikatia pale juu courant ilienda, taa ikazimika. Leo naendelea.

Jina yake Aimée. Mujane. Bwana yake ilikuwa Philippe, ule Munande wa kuuza ciment na mabati, alikufa mwaka yenye ilipita, Mungu amurehemu, alikuwa mutu ya kusalimia batu. Aimée anakaa Simi-Simi, kule uwanja ya zamani ya ndeke, mu nyumba kubwa, yeye peke. Na mu sac akatosha nini? Saa! Haiko ya mukono — ya mufuko. Ya feza, nene kama kamukate, na munyororo. Ilikuwa ya nkambo, babu ya Philippe. Anasema ilinyamaza zamani, na yeye anataka isikike tena, juu nyumba yake haina sauti.

Nilimuonea huruma. Nilimupa maji. Mujinga mimi!

Bwana yangu Ramazani, Papa Zaina, iko natengeneza masaa hapa ku baraza yetu Mangobo tangu ujana. Siku hizi ni pile tu, betri. Batu banaleta saa ya Chine, anafungua, pile, anafunga, kwisha, hata kichwa hainue. Na anachonga majina: ku bangili, ku sahani ya harusi, ku pete ya bachumba — herufi ya bwana, herufi ya bibi, na kaua katikati. Kwa ile kazi, Mangobo yote iko na yeye tu.

Bon. Akafungua ile saa. Nyuma kuna mulango. Akafungua mulango — kuna mulango ingine! Na ile ya pili iko na tundu mbili, moja ya kutia ufunguo ya kuipa nguvu, ingine ya kugeuza mishale. Nikauliza: juu ya nini milango mbili? Nani anafungaka nyumba mara mbili kama hana kitu ya kuficha? Papa Zaina alikuwa na ile kioo yake ya kukuza vitu ku jicho, na mudomo wazi. Mudomo wazi! Mara ya mwisho kumuona vile, kitu yenye ilikuwa mbele yake ilikuwa mimi, na sikuwa na hizi kilo.

Akasema: "Kuya uone."

Nikapanguza mikono mbio mbio, nikaenda. Kumbe iko nasema na Aimée.

Jumanne, 9/9

Leo Papa Zaina amevaa chemise ya pasi. Ile ya Idi! Juu ya kukaa na vis na mafuta! Nikamuuliza nani amekufa. Anasema joto. Joto inavalishaka mutu pasi?

Jumatano, 10/9

Leo ndiyo nimejua.

Papa Zaina alienda mu ville kutafuta mafuta ya masaa. Nikabaki na ile saa, sisi wawili. Nikashusha pazia. Nikaambia Prudence — ule jirani mwenye kusuka nywele ku parcelle ya pembeni — mutu akikuya, sema hakuna mutu. Akauliza unafanya nini. Nikasema naoga. Saa hii? Ndiyo, saa hii!

Mulango ya kwanza, kucha. Mulango ya pili, kisu yake ndogo.

Eh! Ndani iko muzuri kuliko inje. Bamechonga majani, maua, mizunguko, ku kila kipande ya chuma. Nani ataona? Kitu ya kukaa mu giza, mu mufuko ya mwanaume! Ni kama mwanamuke mwenye kuvaa dentelle chini, na inje kikwembe ya kazi. Mwanamuke wa vile mi namujua: kuna mutu iko namungojea.

Na mawe! Mawe nyekundu, ndogo kuliko jicho ya kifaranga, ku kila tundu. Papa Zaina alimuelezea Aimée — mimi nilisikia tu — hiyo iko rubis ya kweli, juu chuma isikule chuma. Rubis mu tumbo ya saa, na ku shingo yangu plastiki.

Halafu nikaona. Kuna gurudumu moja yenye kutetemeka. Juu yake, pale pa maua mingi, kuna kashindano kembamba. Upande moja ya kashindano bamechonga A. Upande ingine, R.

A. R.

Nilisoma mpaka ya tatu tu, lakini A na R nazijua. Aimée. Ramazani. Katikati, mistari kidogo kidogo kama ngazi. Na kashindano kamelala upande ya A!

Nani anachongaka herufi ya bapenzi mu hii Mangobo? Bwana yangu! Anachongaka ku pete — sasa amechonga mu saa, nyuma ya milango mbili, pale jicho ya mutu haifike. Nilitafuta M. Mwamini, jina yangu. Nilitafuta ku kila gurudumu, na ile kioo ku jicho, mpaka machozi ikatoka. Juu ya kioo, si juu ya kulia. M hakuna.

Basi nikatosha épingle, ile pini ya kitambaa yangu, nikasukuma kashindano. Kutoka A, polepole, mpaka R. Mpaka mwisho. Kaa kwako, Ramazani! Kaa ku nyumba yako!

Nikafunga milango yote mbili. Nikaenda kukaanga makayabu, samaki ya chumvi, naimba.

Alhamisi, 11/9

Madame amechukua saa yake, inatembea tena. Aliiweka ku sikio, akafunga macho. Ametuaga. Parfum yake imebaki ku baraza mpaka jioni, lakini ameenda. Kwisha!

Juma mosi, 13/9

Haikukwisha.

Amerudia, na toleka, baskeli ya kubeba batu, mwanaume wake iko natoka jasho na yeye iko naketi kama malkia. Saa inachelewa! Anasema mutu akiiangalia saa ya chakula, bado iko nasema asubui. Papa Zaina akasema haiwezekani. Akaifungua, akaiangalia, akasema tena haiwezekani. "Madame, ngoja kidogo."

Kidogo yake ilikuwa mpaka jua kushuka! Madame akangoja. Akakula lituma yangu. Akasema: Ya Mwamini, hii lituma iko muzuri sana, ndizi ulipondaka namna gani? Na mukono, nikasema. Ananiita Ya, kama dada yake mukubwa! Iko mudogo yangu kwa miaka ngapi hata? Haifike bingi. Ni ile crème tu.

Na mimi nilifurahi ndani ya roho yangu kidogo, juu nilifikiri: unaona, kashindano kametoka ku A, na mapenzi imeharibika, saa inakufa. Nilikuwa naamini vile! Nilikuwa nangojea tu siku mbili tatu, aache kukuya.

Halafu semeki yangu Safiya akaingia. Dada ya bwana yangu. Mungu alimupa macho ya kuona kitu yenye haimuhusu — hiyo kazi iko yangu, mu hii quartier hatuwezi kuwa wawili! Akamuangalia Aimée juu mpaka chini, akaangalia kaka yake na chemise ya pasi, akacheka. Nikamusindikiza mpaka ku barabara. Akaniambia: kaka yangu amerudia kijana. Nikasema ni pasi. Akasema: dini haimukatazi, Mwamini, na wewe unachoka, mwanamuke wa pili atakusaidia hata kuponda.

Nikasema ule iko mukatolika. Akasema: batu banabadilishaka kila siku.

Basi, naandika hapa, juu ku robinet, pale tunatekaka maji, siwezi kusema. Maneno ya batu, naisema. Hii ni yangu. Sitaki mwanamuke wa pili mu hii parcelle. Sitaki nyungu ya pili, kitanda ya pili, kikwembe ya pili ku kamba. Sitaki.

Juma tatu, 15/9

Nimefungua saa tena, wakati Papa Zaina alienda kuswali. Kashindano kamerudi katikati! Amekarudisha! Iko namutafuta Aimée!

Nikakasukuma tena ku R. Kwa nguvu.

Jumanne, 16/9

Aimée amechukua saa asubui. Jioni ameirudisha. Inachelewa.

Na amesuka nywele. Kwa Prudence! Na Prudence hakuniambia!

Alhamisi, 18/9

Leo nacheka na nalia.

Kwanza kulia. Papa Zaina iko nakonda. Anaangalia ile saa, anaweka ku sikio, anaweka ku meza, anaangalia téléphone, anaangalia saa. Anasema mu maisha yake saa haijamucheka vile. Papa mumoja wa kuuza mikaba ya suruali alipita, akasema: mzee, acha, macho inakwisha, peleka kwa bijana ba ville. Papa Zaina alipanguza kioo yake tu, alipanguza, alipanguza. Nilitaka kumutupia yule papa nyungu ya maji ya moto. Kisha nikakumbuka ni nani ameiharibu ile saa, nikaenda kuchambua muchele yenye ilikuwa imekwisha kuchambuliwa.

Sasa kucheka. Aimée alikuwa pale — iko wapi siku haiko pale? — na Safiya pia, alikuya "kusalimia". Papa Zaina amefungua saa mpaka chini, ku ile ngoma yenye kuchunga ressort, ule waya ya kujikunja yenye kuipa nguvu. Na pale Aimée akapiga kelele: "Angalia! Musalaba!"

Vraiment, musalaba. Kadogo, ka chuma, na mikono yake yote, kamefungwa ku ngoma na vis. Haisukume gurudumu, haishike mushale. Iko tu.

Aimée akafanya alama ya musalaba ku kifua. Anasema nkambo ya Philippe alikuwa mutu ya misa ya kila siku, labda alibarikisha saa ku ba père.

Nikamuambia Safiya ku sikio, lakini na sauti ya kutosha: "Umesema atabadilisha? Hata saa yake imebatizwa!"

Prudence alisikia kule ku parcelle yake, alicheka mpaka aliacha kitana kuanguka. Papa Zaina hakusikia kitu. Alikuwa nauliza ule musalaba, na sauti ya polepole: we, uko hapa juu ya nini?

Jioni nikamuambia Prudence bwana yangu anaongea na chuma kuliko na mimi. Prudence, na mudomo yake ya kisu: "Na wewe, unamuachaka aongee?"

Nimemunyima chumvi yenye alikuya kuomba. Kisha nimemupelekea.

Juma mosi, 20/9

Ee Mungu wangu. Ee Mungu wangu! Sijue naandika namna gani — nacheka, naona haya, yote.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Sikuwa nasikiliza! Nilikuwa nafagia. Nilifagia pale pale, sababu palikuwa na buchafu.

Aimée akauliza: "Papa Zaina, na ile herufi mbili, A na R, iko ya nini?"

Nikaacha kufagia. Nikasema mu roho: sasa. Sasa atamuambia. Nikakamata fagio na mikono mbili.

Papa Zaina akasema, kama mwalimu: "A, avance. R, retard. Benye kutengeneza hii masaa balikuwa nasema français. Ukivuta kashindano ku A, saa inakimbia. Ukivuta ku R, inachelewa. Kidogo tu, kama unywele, inatosha. Na haitembeake yenyewe, imekaza, ni mutu anaivuta."

Aimée akasema: "Kumbe. Ku R inachelewa."

"Ndiyo, madame. Inachelewa, na unanirudishia."

Bakacheka wawili.

Retard! Na mimi nilisukuma ku R! Mimi na épingle yangu! Mimi ndiye namuita! Kila mara namufukuza, saa inachelewa, iko narudi, na toleka, na parfum, na nywele ya Prudence! Mimi namulipia toleka!

Nilikaa chini ku ndoo, nikauma kikwembe juu basisikie. Sijue kama nilikuwa nacheka ao nini.

Juma pili, 21/9

Siwezi kuambia mutu. Mimi, Mwamini! Niko na habari ya kuchekesha Mangobo yote, mpaka rive gauche, ngambo ya muto, na siwezi kuisema.

Na tena nafikiri: ndoa yote hii, mu baraza moja, hajaniambia hata siku moja A iko nini, R iko nini. Aimée aliuliza mara moja, akaambiwa. Jalousie haikwishe juu herufi si jina. Sasa siko na wivu ya herufi. Niko na wivu ya ile sauti yake ya mwalimu.

Siigusi tena. Nimeapa.

Jumanne, 23/9

Siku muzuri!

Asubui nilipika chai, nikaenda kukaa ku kiti yangu pembeni ya meza yake. Nikamuambia: Papa Zaina, nielezee na mimi. Akaniangalia kama mutu mwenye kuombwa kitu mu luga ya kigeni. Akangoja niendelee kusema. Sikusema. Wallahi, sikusema! Niliuma ulimi.

Akaanza. Polepole, kisha mbio. Ametosha ile musalaba na kakoleo kake, akaiweka mu mukono yangu. Haiko ya dini! Ameelewa jana. Mukono moja ya musalaba imevimba, zingine zote zimekatwa na kaduara ndani. Kila mara unageuza ufunguo, musalaba nao inageuka hatua moja. Ikifika ku ule mukono yenye imevimba — tak, inakataa. Hauwezi kuipa nguvu zaidi. Na kule ingine, nguvu ikishuka sana, inasimama kabla ressort haijalegea.

Nikasema: donc musalaba inaizuia kufanya kazi? Akasema: hapana, inaizuia kutumia nguvu ya mwanzo na nguvu ya mwisho. Ya mwanzo iko kali sana, saa inakimbia. Ya mwisho iko zaifu. Katikati ndiyo inaenda sawa. Benye kuitengeneza balikuwa na akili: bakaweka nguvu mingi, na bakakataza nusu yake.

Nikamuuliza: na sisi, tuko ku mwanzo, ku katikati, ao ku mwisho?

Akacheka! Meno yote! Akasema: wewe ungetakiwa musalaba mu mudomo.

Halafu mbele ya macho yangu akaweka kashindano katikati kabisa, ku mustari ya kati, akaniambia niangalie na kioo. Niliangalia. Katikati. Tukaweka saa pembeni ya téléphone siku yote. Mangaribi, saa na téléphone ilikuwa sawa sawa, kama mapacha. Papa Zaina alitembea mu parcelle mikono nyuma. Alimuita hata yule wa mikaba juu ya kumuonyesha.

Aimée akakuya kuchukua. Nikamukaribisha vizuri, nikamusindikiza vizuri, nikamufungia mulango vizuri sana.

Nimetia mwamba ya karanga mu pondu leo, na samaki ya bavuvi Wagenia. Tumekula sahani moja.

Jumatano, 24/9

Aimée hakukuya.

Alhamisi, 25/9

Hakukuya! Papa Zaina ameweka pile mu saa ya Chine, hajasikitika. Chemise ni ile ya kazi, yenye matobo ku mugongo. Sijaona nguo muzuri vile.

Lakini alisema kitu kimoja: "Ile saa ndiyo kazi ya kweli ya mwisho nitaona." Na akaangalia ku barabara. Nikasema masaa iko mingi mu dunia. Akasema ndiyo. Akaangalia tena.

Ijumaa, 26/9

Naandika mbio. Niko mu chumba, mulango imefungwa, saa iko hapa ku kitanda pembeni yangu, wazi.

Papa Zaina alienda musikiti. Mvua ikaanguka, ile ya kelele. Na mu ile mvua, nani anaingia? Aimée. Kikwembe yote maji, viatu mu mukono, na iko nacheka kama kasichana. "Ya Mwamini, samahani tena. Inachelewa."

Inachelewa!

Nikamupa kitambaa ya kupanguza. Mimi siko munyama. Sura yake haikuwa sura ya mutu mwenye kitu yake imeharibika. Nikamuambia lete, nitaiweka mahali kavu. Akanipa. Na mudomo yangu, yenye hainiombake ruhusa, ikauliza: "Lakini Jumanne ilienda sawa na téléphone. Kule kwako inapatwaka na nini?"

Akaangalia mvua. Akasema polepole: "Sijue, Ya Mwamini. Labda inapenda tu kukaa hapa."

Inapenda tu kukaa hapa.

Nimeingia mu chumba, nimefungua. Mulango ya kwanza, mulango ya pili. Kashindano iko ku R. Mwisho kabisa. Pale pale mimi nilisukumaka! Na sikuigusa, Mungu ni shahidi, tangu nilijua sikuigusa. Jumanne ilikuwa katikati, niliona na jicho yangu na kioo. Na haitembeake yenyewe, alisema mwenyewe, imekaza, ni mutu anaivuta. Donc mutu. Na ile siku alielezea A na R, benye kusikia balikuwa wawili: mimi nyuma ya pazia, na yeye.

Kumbe! Kumbe iko mujanja kama mimi! Mimi nilisukuma R juu ya kumufukuza, akarudi. Yeye anasukuma R juu ya kurudi, na amerudi. Sisi wawili tunasukuma kashindano moja upande moja!

Nilitaka kutoka na kumuvuta nywele. Kisha nikamuona mu dirisha, amekaa peke ku baraza, anasikiliza mvua, mikono katikati ya magoti. Ile nyumba yake kubwa. Nikasema mu roho yangu: usimuonee huruma, Mwamini, ulimupa maji, angalia imekufikisha wapi.

Nafanya nini? Nikimuambia Papa Zaina, ataniuliza: na wewe, habari ya kashindano uliipata wapi? Na zile mara za kwanza ilikuwa nani? Atakumbuka ile papa wa mikaba. Atakumbuka macho yake yenye alifikiri imekwisha. Hatanisamehe bure.

Nikinyamaza, atarudia. Na atarudia. Na chemise itapigwa pasi.

Nikiirudisha katikati mi mwenyewe, sasa hivi, na épingle, Papa Zaina ataweka pembeni ya téléphone, itaenda sawa, atasema: madame, saa yako haina ugonjwa. Na Aimée atajua. Ataniangalia, na atajua kuna mutu mu hii nyumba mwenye anajua. Ajue! Aende na haya yake Simi-Simi!

Lakini kama amekwisha kujua? Kama anajua zile mara za kwanza ilikuwa mimi? Iko na akili, ule. Na kama akitangulia yeye kusema?

Ngoja. Sauti ya Papa Zaina ku baraza. Amerudi. Na sauti ingine — Safiya! Na mvua hii? Safiya hatoke na mvua hata ku kilio. Amekuya na kaka yake. Aliitwa.

Balikuwa nacheka. Sasa banasema polepole. Mimi mwenye kusikiaka kila kitu ya hii quartier, sisikie kitu, mvua ku mabati.

Épingle iko mu mukono. Kashindano kako pale.

"Mama Zaina!"

Ile sauti. Haiko ya kuomba chai.

"Mama Zaina! Acha yote, kuya, tuko na maneno ya hii nyumba! Na leta kiti moja ya ndani — madame amekaa ku yako!"

Nakuya, nimejibu, nakuya. Ku katikati, ao niache ku R? Anaita tena. Nakuya! Ku katikati. Nimekasukuma. Naenda.